Sulhu Haifuti Jinai: Mwanamke Akidhulumiwa, Aende Wapi?



Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya isha, niliitwa nyumbani kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Nilikuta wazee watano wameketi mkekani, dele la kahawa katikati, na baba wa msichana wa miaka 14 ameinamisha kichwa. Jirani yao, mtu mzima mwenye mke na watoto, alikuwa amemharibu mtoto yule. Jirani mwenyewe alikuwepo pia, amekaa kando na ami yake. Mimi niliitwa kwa sababu moja tu: nilikuwa na diploma, na mwandiko wangu unasomeka. Mzee akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Tuandikie karatasi tulimalize jambo hili kabla halijatoka nje."

Nikaandika. Shilingi 30,000 kwa baba wa mtoto, mtu yule ahame mtaa, na mwisho nikaweka maneno niliyoyaona ya busara: kwamba pande zote mbili zimeridhika na hakuna atakayelirudia jambo hili. Wote wakatia saini, nami nikatia yangu kama shahidi. Mamake mtoto alikuwa nyuma ya pazia, tukimsikia analia. Mtoto mwenyewe hakuwepo wala hakuulizwa.

Mtu yule alihama, kisha baada ya mwaka akarudi. Ijumaa yake ya kwanza alisimama safu moja nami msikitini, akanipa mkono. Aliyehama moja kwa moja ni msichana. Aliacha shule, akapelekwa kwa bibi yake, na hata akija mjini kwa harusi hapiti njia ya kwao.

Wakati ule niliamini nimesaidia kuweka sitara ya familia. Ilinichukua muda, na kuzisoma sheria polepole, kufahamu kwamba karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote, na kwamba kuiandika kwenyewe kulikuwa ni kusaidia kuficha jinai. Makala haya ni yale ambayo ningependa mtu anieleze kabla sijashika kalamu usiku ule. Yahifadhi, ukamsomee mamako, dadako au mzee wa mtaa wako.

Sheria ya Kenya inasemaje

Tuanze na Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 29 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mume ni mtu binafsi. Baba na ami pia ni watu binafsi. Kifungu cha 159 kinakubali njia za jadi za kusuluhisha migogoro, ila kinaweka mpaka: zisitumiwe kwa namna inayovunja haki za binadamu zilizo katika Katiba hiyo hiyo. Kwa hivyo vikao vya wazee havikupigwa marufuku. Vimewekewa ukingo.

Ukingo huo unaonekana wazi katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 10. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, ni kifungo kisichopungua miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Sheria hiyo inamlinda mtoto wa kiume sawasawa na wa kike. Na kusema "mtoto mwenyewe alikubali" hakumwokoi mtu, kwa kuwa mtoto hana uwezo wa kukubali jambo hilo kisheria.

Sasa sikilizeni vizuri wazee wangu. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono ni wa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba mpya kazi hiyo iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baba wa mtoto hana uwezo huo. Chifu hana, imamu hana, na mwandishi wa karatasi ndiyo hana kabisa. Zaidi ya hapo, kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mkosaji mtu yeyote anayepokea au kukubali kupokea mali ili kosa kubwa la jinai lifichwe au lisishtakiwe. Zile shilingi 30,000 hazikuwa fidia. Kupokewa kwake kulikuwa ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Na kipigo cha nyumbani? Kumpiga mke hadi kumuumiza ni kosa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika miaka mitano. Cheti cha ndoa hakibadilishi hilo. Tena tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani. Sheria hii imepanua maana ya ukatili. Humo mna kipigo, matusi, vitisho, kumfuatafuata mtu, kumnyima mtu riziki au kumtawala kwa pesa, kumfungia nje ya nyumba anayoishi, ndoa za watoto, ndoa za kulazimisha, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na hata mawifi na wakwe kuingilia nyumba ya watu. Haimlindi mke aliye ndani ya ndoa peke yake. Aliyeachwa, mchumba, mtoto na jamaa wanaoishi nyumba moja nao wamo.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya watu wa bara. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili tangu walipofika miaka 15. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila watatu. Hesabu mwenyewe wanawake walio nyumbani kwako.

Na dini yetu je?

Neno linalotumika sana kwenye vikao vyetu ni sulhu, la pili ni sitara. Yote mawili ni maneno matukufu, na ndiyo maana tusiyatumie vibaya.

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba sulhu baina ya Waislamu inafaa, isipokuwa sulhu inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Karatasi inayomwachilia aliyemdhulumu mtoto iko upande gani wa mpaka huo? Sura ya An-Nisaa aya ya 35 inataka hakimu mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke, pale panapohofiwa mfarakano. Aya inazungumzia mume na mke waliokosana. Haizungumzii mtu aliyevunjwa taya. Na sura hiyo hiyo, aya ya 135, inatuamrisha tusimamishe uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Ama sitara, ni kumsitiri mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Dhulma ina mtu wa pili anayeumia. Ukimfunika dhalimu, umemvua nguo aliyedhulumiwa. Someni kisa cha mwanzo wa Sura ya Al-Mujadila: Bi Khawla bint Tha'laba (RA) alikuja kwa Mtume kumshtaki mumewe, akabishana, akalalamika, na malalamiko yake yakasikika kutoka juu ya mbingu saba. Hakuambiwa arudi nyumbani avumilie kwa sababu ndoa ina siri.

Najua kuna atakayenisomea aya ya 34. Nami namjibu kwa heshima. Bi Aisha (RA) amesimulia kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Wanazuoni waliifunga aya ile kwa masharti mazito, wakakataza kuumiza na kupiga uso. Ataa bin Abi Rabah, mmoja wa maimamu wakubwa wa Makka katika kizazi cha matabiina, alisema mume asimpige mkewe, amkasirikie tu. Anayemvunja mkewe mkono hana mwanachuoni wa kumtegemea.

Saa 72 za kwanza

Hapa ndipo vikao vyetu vinapofanya madhara makubwa. Kikao hukaa leo, kikaahirishwa hadi Jumapili kumngoja ami wa Malindi, na siku hizo zote ushahidi unapotea na dawa zinapitwa na wakati. Kwa hivyo mambo haya yafanywe kwanza, kikao baadaye.

Aliyebakwa au kunajisiwa aende hospitali mara moja. Si lazima apitie polisi kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zinazoitwa PEP, ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na zinamezwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Hapa Mombasa, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ina kituo maalumu cha kuwahudumia waliodhulumiwa.

Asikoge, asijitawadhe na asifue nguo kabla ya kuonekana na daktari. Najua hili ni zito kwetu, kwani jambo la kwanza mama hufanya ni kumwosha mwanawe. Lakini maji yale yanaosha ushahidi. Nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi, hata gazeti la zamani, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ushahidi ukaoza.

Hospitalini itajazwa fomu ya huduma baada ya ubakaji, inayojulikana kwa herufi PRC. Ulizeni mpewe nakala yenu. Polisi watatoa fomu ya P3, ambayo ni bure, nayo daktari huijaza. Fomu ya P3 hutumika pia kwa aliyepigwa. Bila karatasi hizi, kesi nyingi hufa kabla ya kuzaliwa.

Kituoni, hakikisha jambo limeandikwa kwenye kitabu cha OB na upewe namba yake. Ichukue namba hiyo hata kama umekata tamaa na ofisa uliyemkuta. Uliza dawati la jinsia. Sheria ya 2015 inamruhusu mlalamishi kuandikisha taarifa mbele ya ofisa wa jinsia yake, kwa hivyo dada yangu usione haya kusema unataka ofisa mwanamke. Ukiambiwa "nendeni mkaelewane nyumbani", omba kumwona mkuu wa kituo. Akikataa naye, ipo Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ambayo hupokea malalamiko na ina ofisi Mombasa.

Usipojua pa kuanzia, piga 1195. Ni simu ya bure ya dhulma za kijinsia, usiku na mchana. Kwa jambo la mtoto, piga 116, nayo ni bure.

Kwa dada anayepigwa lakini bado hajaamua kuondoka, nina maneno machache. Kila kipigo, nenda hospitali na uweke karatasi ya matibabu. Piga picha alama, uandike tarehe. Nakala ya kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na nauli kidogo, viweke kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo. Huo si mpango wa kuvunja ndoa. Ni kujiwekea mlango wa kutokea siku nyumba ikiwaka moto.

Ofisi gani inafanya nini

Watu wetu wengi huzunguka kwa sababu wanapeleka jambo mahali pasipo pake. Nimeona mama aliyepasuliwa kichwa akipeleka shauri kwa Kadhi peke yake, akasubiri wiki nzima akitarajia mumewe akamatwe. Kadhi hana mamlaka hayo.

Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Hapo ndipo pa kudai nafaka, na ndipo pa kuomba ndoa ivunjwe. Mwanamke anayedhuriwa anaweza kuomba faskhi, yaani Kadhi aivunje ndoa kwa sababu ya madhara, hata mume akikataa kutoa talaka. Kule kwenye khuluu, mwanamke hujikomboa kwa kurudisha mahari, kama alivyofanya mke wa Thabit bin Qays zama za Mtume aliporudisha shamba. Tofauti hii ni muhimu. Wako kina mama waliolipa kujikomboa ilhali walikuwa na haki ya faskhi na zile karatasi za hospitali zingekuwa ushahidi wao.

Mahakama ya hakimu ndiyo inayoshughulikia jinai, na ndiyo inayotoa amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015. Amri hii inaweza kumkataza mtu kukukaribia, kukutisha au kuingia nyumba unayoishi, na kukuruhusu wewe na watoto mbaki humo. Hatari ikiwa karibu, mahakama inaweza kutoa amri ya muda hata kabla ya kumsikiliza anayeshtakiwa. Kuivunja ni kosa la jinai. Kwa Waislamu wengi wa Pwani hii ndiyo haki isiyojulikana kabisa, nayo haikulazimishi kudai talaka.

Matunzo na malezi ya watoto yanaweza kupelekwa Mahakama ya Watoto. Na kwa anayetaka kumwozesha binti aliye shuleni ili "kufunika aibu", ajue kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kumwoza mtoto, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Njia hizi zinakwenda pamoja. Unaweza kuwa na kesi kwa hakimu, amri ya ulinzi mkononi, na shauri la faskhi kwa Kadhi, yote kwa wakati mmoja. Asiye na pesa ya wakili asikate tamaa. FIDA Kenya na Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na husaidia wasiojiweza, na MUHURI nao wako hapa hapa.

Njiani na kazini

Dhulma haiishii ndani ya nyumba. Baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji za matatu mwaka 2014, na wenzao kuandamana, bunge liliongeza kifungu cha 251A katika Kanuni ya Adhabu. Kumvua mtu nguo kwa nguvu sasa ni kifungo kisichopungua miaka 10. Hakuna sharti kuhusu nguo aliyovaa. Kazini, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na utaratibu ulioandikwa wa kuzuia unyanyasaji wa kingono. Dada unayefanya kazi hotelini au kiwandani, uliza uonyeshwe.

Kikao kibaki na kazi gani?

Sisemi wazee wafunge barza zao. Mume na mke wamekosana kwa maneno, mawifi wamechochea, nafaka imechelewa, watoto wanavutwa huku na huku: hayo yana kikao, na mzee mwenye hekima huokoa nyumba nyingi kwa sahani moja ya haluwa. Lakini damu ikitoka, au mtoto akiguswa, kikao hakina kazi tena ila moja: kuhakikisha aliyeumia amefika hospitali na kituoni salama, na kwamba hakuna anayemtisha nyumbani kwao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nimeitwa tena mara moja tangu usiku ule. Mzee mwingine, mkeka mwingine, na msichana mwingine. Safari hii niliomba karatasi na kalamu, wakadhani naanza kuandika makubaliano. Nikaandika 1195 kwa herufi kubwa, nikampa mamake mtoto, nikamwambia tuktuk iko nje na nauli nimelipa. Baadhi ya wazee waliokuwepo hadi leo hawaitikii salamu yangu vizuri. Kesi bado iko mahakamani, imeahirishwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mama yule hajakosa hata siku moja kuhudhuria.

Kwa yule wa kwanza, niliwahi kwenda kwa baba yake kumwomba radhi. Alinisikiliza, akaniambia karatasi ile anayo bado sandukuni, hajui aifanyie nini. Nami sikuwa na jibu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, nawe msomaji nakuomba jambo moja: wakikuita uandike, usiandike.

Wabillahi tawfiq.